Maji ilipiga kona Dzaleka

Bandugu, leo nimeona maji inapiga kona!

Asubuhi mi na bibi yangu wa ndoa tulipima pente ya baraza, ule mteremko wa kutoa maji mlangoni. Tulitumia tiyo yenye maji, ule mpira wa kupimia usawa: kushuka kidole moja kila metre. Safi kabisa!

Kabla ya kuweka simenti, tukamwanga beseni moja ya maji tujaribu.

Maji ikatembea pole pole, vizuri... mpaka mlangoni kwa Mama Riziki, jirani wa mbele.

Alikuwa ameketi pale anachambua maharagi. Akanyanyua miguu tu.

(Hapa kambini Dzaleka milango inaangaliana, na kila mtu anasukuma maji mbali na wake. Na we, yako inaenda kwa nani?)

Nikasema, "Mama, pole sana."

"Pole haikaushi nyumba. Leta hiyo tiyo."

Tukapima upya sisi watatu, pente ikainama upande, kuelekea mufereji wa njia.

Bibi yangu akamwanga tena. Maji ikafika katikati ya milango mbili, ikasimama kama inafikiri. Ikageuka. Ikaenda zake.



Mama Riziki akaingia ndani, akatoka na maji yake ya kupikia, ile aliyopangia foleni ku bomba.

"Sasa mimi," akasema. "Nataka kuiona tena."