Kitenge cha Mama Mkwe kwenye Benchi la Bustani

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo: mimi, mtu mzima mwenye masharubu, baba wa watoto watatu na mjumbe wa kamati ya ulinzi, nimewahi kukutwa na mtaa mzima hapa Mbinga nimevaa kitenge cha mama mkwe wangu, nimemkaba mzee wa watu, huku napiga chafya. Haya, chekeni mmalize, halafu mnisikilize, maana wengi mmeisikia hii habari kwa watu ambao hata hawakuwepo (kuna anayesema nilivaa na hereni, mimi hereni sikuvaa).

Bustani yenyewe mnaijua, ile ya nyuma ya soko, yenye misonobari na mabenchi ya saruji na ule ua wa vichaka ambao kila mwaka unasemwa utakatwa. Vijana fulani walikuwa wameshaigeuza kijiwe cha kuuzia bangi, wanakaa kona ya chini, mtu anapita, wanashikana mikono kidogo, anaondoka, na sisi tukawa tunalalamika majumbani tu, mpaka siku binti yangu Imelda, yuko darasa la tano, alirudi shuleni akaniambia kuna kaka pale bustanini amemwomba amshikie kikaratasi, ampelekee kaka mwingine upande wa pili, atampa pipi. Hakukichukua, mtoto ana akili za mama yake, lakini mimi niliogopa, sisemi uongo, niliogopa mpaka chakula kikanishinda. Ile ndiyo njia yake ya kwenda shule na hana nyingine, labda azunguke barabara ya malori ya makaa ya mawe, na huko simtaki kabisa.

Basi mkutano ukaitishwa na mtaa ukagawanyika. Mimi nilisimama nikasema dawa ni moja, uzio wa seng'enge kuzunguka bustani yote, geti, kufuli, jioni inafungwa. Mama Tekla, yule anayeuza chai na mihogo pale pembeni, akasimama naye, akasema ukifunga bustani watakaobaki nje ni wazee na watoto, wale vijana wataruka tu, kwani si wana miguu? Halafu akageuka, akaniangalia vizuri, akauliza, "Na hiyo seng'enge, Baba Imelda, tutainunua duka gani?"

Mkutano ukaangua kicheko, maana duka la vifaa vya ujenzi mtaani ni langu peke yangu, na kusema kweli seng'enge nilikuwa nayo ya kutosha stoo. Lakini naapa nilikuwa namfikiria mtoto wangu (seng'enge niliifikiria baadaye). Nikakasirika, nikajibu kwa sauti kuliko ilivyohitajika. Mama Tekla akanimaliza kabisa: "Hao wauzaji unaowahubiri kila siku, umeshamshika hata mmoja?"

Nilikaa chini nikiwa nimeshaamua. Badala ya kwenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Komba, tukapanga kitu cha maana na watu wa ulinzi shirikishi, nikasema mimi mwenyewe nitamkamata mmoja, kwa mikono hii, ili Mama Tekla anyamaze. Uamuzi mdogo tu huo. Shida ni kwamba vijana wale wananifahamu, nikitokea upande wa juu wao wanatokea upande wa chini, kwa hiyo nikawaza, nani anaweza kukaa bustanini asiogopwe na mtu? Bibi kizee. Nani anamwogopa bibi?

Hapa lazima niwaeleze kuhusu mama mkwe. Alikuwa ametoka kijijini kwao Mbuji, amekuja kukaa kwetu ili atibiwe mguu hospitali, na daktari alimwambia atembee kila siku, kwa hiyo kila jioni anakwenda bustanini kuunyoosha. Mimi ni mtu wa ziwani, kwetu Mbamba Bay, lakini kwenye mambo ya ukwe sisi na watu wa huku juu tunaelewana: mkwe hapiti mbele ya mama mkwe kama njia nyingine ipo, hali naye meza moja, wala hagusi nguo zake, hata zikipeperushwa na upepo unamwita mtu azichukue. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijakosea hata kidogo. Nilisifiwa mpaka Mbuji, watu walikuwa wanawaambia wakwe zao wengine waje wanitazame.

Sasa Jumamosi ile jioni kwenye kamba ya nguo kulikuwa na kitenge cha kijani chenye michoro ya feni. Kitenge cha mke wangu. Namjua mke wangu, na kitenge kile nimemwona nacho mara nyingi. Nilichokuwa sijui, kwa sababu mwanamume hasimuliwi mambo haya, ni kwamba alinunua kipande kimoja akakikata katikati, nusu yake, nusu ya mama yake, kama wanawake wanavyofanya wakipendana. Nusu ya mke wangu ilikuwa kabatini.

Nikajifunga kile kitenge juu ya suruali, nikachukua na shali, nikajitanda kichwa mpaka usoni (baridi ya Mbinga inasaidia, mtu akijitanda hivyo hakuna anayeuliza), nikapita njia ya uani nikaenda kukaa kwenye benchi lililoupa mgongo ule ua wa vichaka. Nikainama kidogo. Nikajisifu moyoni kwamba nimefanana.

Sikukaa sana. Nilisikia viatu vinakuja nyuma yangu, polepole, mtu hakusimama wala hakunitazama, mkono ukapita juu ya bega langu ukadondosha kifurushi cha karatasi kwenye mapaja yangu, na sauti ikasema chini chini, "Ya leo kali. Taratibu."

Jamani, moyo ulinidunda kwa furaha. Sikufikiria kwa nini muuza bangi ampe bibi kizee bila hata kuombwa, sikufikiria chochote, niliruka nikamkaba shingo nikapiga yowe. Na mnajua yowe lilivyo huku kwetu, ukilisikia huulizi, unaacha unachofanya unakimbia na ulichoshika. Wakaja. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi kanisani, ikaja yote na vitabu. Mtu akatoka kwa kinyozi amenyolewa nusu kichwa. Fundi cherehani akaja na futi shingoni, Mama Tekla akaja na chujio la chai linachuruzika. Na kwa sababu walichokiona ni bibi kizee anapigana na mwanamume, wote wakawa upande wangu. "Mwacheni bibi! Mwizi huyo, mshikeni!" Mmoja akamchota mzee wa watu mtama, tukaanguka wote wawili, na shali ikatoka kichwani.



"Baba Imelda?" akasema Bwana Komba, mwenyekiti.

"Ndiyo mimi," nikasema, bado nimeshika kola. "Nimemkamata."

Ndipo nikamtazama niliyemkamata. Alikuwa Mzee Hyera. Mzee Hyera, ambaye husoma masomo kanisani, ambaye kila asubuhi nampa shikamoo akipita dukani. Mtu mwingine angeishia hapo akaomba radhi. Mimi nikafikiri, kumbe ndiye mkubwa wao! Nikakiinua kile kifurushi watu wote wakione, nikasema ushahidi huu hapa, harufu ya bangi mimi naijua, nikakifungua, nikakisogeza puani nikavuta pumzi kwa nguvu ya mtu aliyeshinda.

Ulikuwa ugoro. Ule wa kusagwa vizuri, wenye magadi. Nilipiga chafya mpaka nikakaa chini, machozi yananitoka, masharubu yamegeuka kahawia, na kila nikitaka kusema neno nachemua tena, na ile kwaya, Mungu awasamehe, walicheka kwa sauti nne.

Bwana Komba hakucheka. Akamwinua Mzee Hyera, akamkung'uta vumbi, akamwuliza kwa upole, "Mzee, ugoro si kosa. Lakini kwa nini unampitishia mtu kwa siri hivi? Ni wa nani?"

Mzee akaanza kunyoosha kola yake. Akaulizwa tena, akatazama chini tu. Watu wakaanza kunong'ona, mbona anaficha, labda ndani ya ugoro mna kitu kingine, na mimi, badala ya kushukuru kwamba wameacha kunitazama, nikapata nguvu mpya nikadakia, "Aseme! Mtu mwema anaficha nini? Alikuwa anampelekea nani?"

"Ni wangu," sauti ikasema nyuma ya watu.

Watu wakapisha njia. Alikuwa mama mkwe, anachechemea, amejifunga shuka la kitandani kiunoni (alichelewa bustanini kwa sababu alikuwa anatafuta kitenge chake). Mwanawe, yaani mke wangu, alikuwa amemkataza ugoro kwa ajili ya kifua, naye alikuwa ameahidi mbele ya wanawake wenzake wa jumuiya ya kanisani kwamba ameacha. Ndiyo maana walipatana na Mzee Hyera apite nyuma ya benchi lake la kila siku asisimame. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyekuwa anamfikiria yeye, lakini aliona rafiki yake anaaibishwa akashindwa kuvumilia. Akasimama mbele ya wale wanawake wa jumuiya, akasema, "Mzee huyu hana kosa. Ugoro ni wangu."

Halafu akanitazama. Miaka yote ile hatukuwahi kutazamana usoni.

"Na kitenge nacho," akasema, "ni changu."

Hakuna aliyecheka tena. Jamani, niwaulize nyie: ningefanyaje? Kukivua mbele yake ni aibu, kuendelea kukivaa ni aibu, kuomba radhi lazima niseme naye, na kusema naye mbele ya watu ni aibu nyingine. Nilibaki nimekaa palepale chini, nimeshika pindo za kitenge ili zisiburuzike vumbini, mpaka Mama Tekla, yeye yule, akavua khanga yake akamfunga mama mkwe juu ya lile shuka, akamshika mkono akaondoka naye.

Nyumbani nilimkuta mke wangu amekaa mlangoni. Mama yake alikuwa anafunga mizigo, kesho asubuhi anarudi Mbuji, na Jumatatu ndiyo alitakiwa hospitali. Mke wangu hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema tu, "Mama akirudi na mguu ule bila kutibiwa, Baba Imelda, na mimi nitamfuata kumuuguza. Na wanangu." Nilijua hatanii. Ndipo nilipoacha kujihurumia nikaanza kuogopa.

Nilitoka palepale kwenda kumtafuta mshenga wangu, yule yule aliyenisemea wakati wa uchumba, siku hizi anashona viatu stendi, nikamweleza, akaomba nirudie sehemu ya chafya mara mbili, kisha akakubali. Akaenda na kuku jike na kitenge kipya kizima, maana kile cha feni hakivaliki tena na mtu. Mimi nikakaa uani, nyuma ya banda la kuku, nangoja hukumu. Wakati huohuo simu ikaita, kaka yangu kutoka Mbamba Bay. Basi la jioni lilikuwa limeshateremka na habari. "Mdogo wangu," akasema, "tunasikia huko milimani umeolewa."

Mshenga akarudi. Mama amepokea. Mama atabaki mpaka mguu upone. Lakini kujificha amechoka, siri imeshatoka, kwa hiyo kila siku alasiri mpaka jioni atakaa kwenye benchi lile lile, na Mzee Hyera atapita mbele, atasimama, watasalimiana kama watu. Na habari za seng'enge asizisikie tena, hana mguu wa kuzunguka geti.

Mkutano uliofuata nilisimama nikaliondoa wazo la uzio mwenyewe. Mama Tekla akasema, "Asante, bibi," na huo ndio mzaha wake wa mwisho, amekuwa mwema kwangu tangu hapo. Kumbe bibi wengi mtaani walikuwa wanavuta ugoro kwa kujificha, maana wiki haikuisha kabla benchi halijajaa, ikabidi lisogezwe na la pili. Na bibi wa huku hawezi kumwona kijana akamwacha apite hivi hivi, lazima shikamoo, lazima aulizwe ni mtoto wa nani, babu yake ni yupi, na mama yake hajambo. Kijana mmoja wa ile kona ya chini akaonekana ni wa ukoo wa mama mkwe kutoka Mbuji, anamwita bibi, sasa utamuuzia mtu bangi mbele ya bibi yako namna gani? Hawakuacha, nisiwadanganye, wamehamia nyuma ya maegesho ya malori, na watu wa kule juzi wamekuja dukani kuuliza bei ya seng'enge. Nimewaambia wasubiri kwanza, wakae wazungumze.

Lakini Imelda anapita bustanini kwenda na kurudi, anampa bibi yake shikamoo, anakaa naye kidogo, ananusa harufu ya ugoro anacheka. Namwona kwa mbali. Kwa mbali, kwa sababu njia ya bustani inapita mbele kabisa ya lile benchi, na mkwe hapiti mbele ya mama mkwe, hasa mkwe kama mimi. Mguu umeshapona na Mbuji harudi, amesema hewa ya hapa imempenda. Kwa hiyo kila jioni nikifunga duka nazunguka barabara ya malori, narudi nyumbani na vumbi la makaa kwenye kola, na tangu siku ile sijagusa hata leso kwenye kamba ya nguo bila kuuliza ni ya nani. Bustani yetu sasa ni salama, mtaa mzima unapita. Asiyepita ni mimi peke yangu.