K ya Mzee Kamba

Nikizidisha sifa kwa mzee huyu mnivumilie. Bila yeye nisingekuwa na kazi leo, na watu wa mtaa mzima wangekuwa wanakunywa oili.

Alikuwa mpima visima wa manispaa. Si cheo cha kutikisa mtu. Meza yake ilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo na choo, na kila aliyetoka chooni alimsalimia huku bado anakung'uta mikono. Juu ya meza kulikuwa na daftari kubwa la jalada la kijani, kikombe cha bati, na kamba yenye fundo kila nusu mita na nati ya lori mwishoni. Kamba hiyo ndiyo iliyompa jina. Ofisi ilishampa kipimo cha umeme kinacholia kikigusa maji, naye alikitumia bila ubishi. Akimaliza alishusha na kamba yake, aliyoipaka chaki, aone chaki imelowa mpaka wapi.

"Chaki haina betri," alisema.

Sisi wengine tulilipenda jina hilo kwa sababu nyingine. Mtaani, kumpiga mtu kamba ni kumdanganya, na Mzee Kamba alikuwa hawezi kudanganya hata kwa adabu. Siku moja karani wa masijala alimuuliza kama gauni lake jipya limempendeza. Mzee akalitazama kwa makini, kama anayesoma fundo, akamwambia, "Lile la jana." Karani alimnunia wiki nzima.

Mimi niliingia idara ya mipango nikiwa mchora ramani wa majaribio. Kompyuta nilikuwa naijua kuliko wote mle ndani, na nilihakikisha wote wanalijua hilo. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kiwanda cha zamani cha ngozi, kilichofungwa kabla sijaanza shule. Manispaa ilitaka kukifufua kiwanja kile: udongo ulioshiba dawa za ngozi uzolewe, kuta zibomolewe, zijengwe karakana za magari, na ardhini lifukiwe tangi la kukusanyia oili chafu. Mkuu wa idara hakuzunguka mbuyu. Ramani ikipita, naajiriwa. Ikikutwa na kosa, narudi nyumbani.

Chini ya kiwanda kuna mteremko, na chini ya mteremko kuna nyumba za watu. Maji ya ardhini nayo hushuka huko huko. Kwa hiyo kila kisima cha maji ya kunywa huchorewa duara la hifadhi kwenye ramani, na ndani ya duara hilo hakiruhusiwi kuwekwa kitu kinachoweza kuvuja. Kisima kikavu hakichorewi duara. Ndiyo kanuni yenyewe, haina ugumu wowote.

Nililichukua daftari la kijani, nikafungua ukurasa wa eneo la kiwanda. Visima vitatu, na mbele ya kila kimoja Mzee Kamba ameandika herufi moja: K. Nikajiambia, K ni kavu. Mwenye daftari alikuwa amekaa hatua ishirini kutoka kwangu, anakunywa chai. Sikumuuliza. Wahenga wamesema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini mimi siku hizo wahenga niliwaona kama watu waliokosa kompyuta. Nikaacha visima vitatu bila duara, na tangi la oili nikaliweka juu yake kabisa, mteremko unapoanzia, mahali ambapo malori yangeingia kwa urahisi.

Siku ya kikao nilivaa viatu vya kubana. Kamati ya madiwani ilikaa mbele, wananchi pembeni, na Mzee Kamba nyuma karibu na mlango, daftari likiwa mezani kwangu. Nilieleza ramani yangu vizuri, nikapigiwa makofi. Mwenyekiti alikuwa ameshashika muhuri pale mama mmoja aliposimama. Alikuwa fundi cherehani, mama wa mapacha, na mtaa wa bondeni wote walimwita Mama Pacha.

"Samahani, mwanangu. Naona visima vya mitaa mingine vina duara. Changu mbona hakina?"

"Kisima chako ni kikavu, mama," nikamjibu, kwa ile sauti ya upole tunayoitumia kwa watu tunaodhani hawaelewi.

"Kikavu?" Akawageukia wenzake. "Jamani, hivi chai ya asubuhi niliichemshia mate?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Pacha hakucheka. Alisema nyumba kumi na moja zinachota pale, na wanawe waliogeshwa kwa maji yale tangu siku ya kwanza. Mkuu wa idara akanigeukia. Nikainua daftari nikamwonyesha ile K, nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimefika chini kabisa.

"Mzee Kamba," mkuu akaita. "Hii K ni nini?"

Alikuja polepole. Akavaa miwani, akautazama ukurasa, kisha akanitazama mimi. Nadhani alinitazama muda mrefu kuliko alivyoutazama ukurasa.

"K ni kunywa, mkuu. Kikavu huwa naandika KV. Kosa ni langu. Vifupisho vyangu viko kichwani tu, sijavieleza popote. Huyu binti angejuaje?"

Muhuri ukarudi kwenye kisanduku. Kamati ikaagiza ramani ichorwe upya, na tangi lihamishiwe upande wa pili wa kiwanja, ambako mteremko unaelekea mbali na nyumba. Hakuna aliyenigusa. Mzee Kamba aliandikiwa barua ya onyo, miezi minane kabla ya kustaafu, ya kwanza katika maisha yake yote ya kazi.

Alasiri ile nilikuwa narudisha daftari mezani kwake likaniponyoka, likaanguka limefunguka ukurasa wa kwanza. Ukurasa ambao sikuwahi kuufungua. Kwa mwandiko wake uliosimama wima, wino umeshafifia kwa miaka, palikuwa pameandikwa: K, kunywa. KV, kavu. F, kufulia tu. Na chini yake: Ukiwa na shaka, niulize, nipo.

Nililia pale pale, mlangoni pa choo, watu wakipita.

"Mzee, uliyaeleza yote," nilimwambia alipofika. "Mbona ulijitwisha?"

"Nani anasoma ukurasa wa kwanza? Hata mimi nikipewa kitabu naanzia katikati." Akaketi, akaanza kukunja kamba yake. "Sikiliza, binti. Faili langu linakwenda stoo, panya ndio watakaoisoma hiyo barua. Lako ndiyo kwanza linafunguliwa. Sasa kesho vaa viatu vya maana, tunakwenda kupima."

Tulikwenda kila Jumanne kwa miezi minane. Visima arobaini na vitatu, nilivijua kimoja kimoja, na wenyewe pia. Kwa Mama Pacha nililetewa maji kwenye bilauri kabla sijakaa. "Kunywa, mwanangu, usiogope, ni kikavu," akaniambia, na utani huo hajauacha hadi leo. Nilikunywa yote. Nimeshakunywa maji mengi maishani, lakini yale niliyashukuru kila funda.

Siku ya kumuaga mzee nilipewa nafasi ya kusema machache. Nilipiga moyo konde. Nikafungua daftari la kijani ukurasa wa kwanza, nikausoma kwa sauti mbele ya mkuu na ofisi nzima, na nikasema kosa la kiwanda cha ngozi lilikuwa langu peke yangu. Mkuu akanyoosha mkono apewe daftari.

Mzee Kamba alikuwa na soda mkononi. Aliiweka chini, akatikisa kichwa.

"Msimsikilize," akasema. "Huo ukurasa nimeuandika juzi. Huyu anawapiga kamba."

Kila mtu aliuona wino ulivyofifia. Kwa miaka thelathini na moja mzee yule alidanganya mara mbili tu, na zote mbili alidanganya kwa ajili yangu.