Niliacha Chai, Nikabaki na Maandazi

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, rafiki yangu Tusekile alipofika sokoni Mwanjelwa na gauni lake la zamani limempwaya, nikashindwa hata kuitikia salamu yake vizuri. Tulikuwa tunauza vitenge meza kwa meza, wanene wote wawili, tukiutania unene wetu. Sasa mwenzangu alikuwa na kiuno. Nilimwonea wivu sana.

Alikuwa amejiunga na akina mama waliokuwa wakinywa unga fulani wa kupunguza unene, wa kukoroga asubuhi badala ya chai, kisha wakipimwa kwenye mzani unaosema mwilini mna mafuta kiasi gani na misuli kiasi gani. Alinikaribisha, nikamjibu kwamba nimeridhika na mwili wangu. Uongo mtupu! Kesho yake nilinunua kopo langu kimyakimya. Muuzaji akaniambia neno moja tu: niache chai.

Nikaacha, mwezi mzima. Nilikoroga unga wangu, nikaunywa na maandazi matatu na viazi vya kuchemsha kama kawaida. Nilipopimwa kwa yule muuzaji, mafuta yalikuwa yameongezeka.

Hapo wivu ukanipanda kichwani. Wateja walipomsifu Tusekile, mimi nilishusha sauti: "Mnasifu? Kukonda kule si bure. Mwombeeni tu." Sikutaja ugonjwa. Huku kwetu huhitaji kuutaja.

Siku moja akanikuta nyuma ya meza, kikombe mkono huu, andazi mkono huu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Lusajo! Kumbe na wewe unakunywa? Sasa maandazi ya nini?"

"Si waliniambia niache chai? Chai nimeacha."

"Jamani! Ukiacha chai unaacha na vitafunwa vyake. Hicho kikombe ndiyo chai yenyewe. Si ungeniuliza tu, dada yangu?"

Akanielekeza yote, hata chakula cha mchana na kutembea, kwa moyo mweupe. Nami nikanyamaza na uchafu wangu. Wiki hiyohiyo yale maneno yangu yalimfikia, na aliyeyapeleka alitaja jina langu. Hakunigombeza. Alifunga vitenge vyake, akahamia kwa kaka yake, kule mjini Rujewa.

Mimi nilipungua, mwanangu. Siku mzani uliposema mafuta yameshuka na misuli ipo, nilirudi sokoni karibu nikikimbia, nikageukia meza ya Tusekile nimwonyeshe. Pale alikaa muuza ndoo.

Basi nisikilize. Wivu utakushika tu. Mimi bado unanishika kanisani nikiwaona wasichana na viuno vyao. Ukikushika, mfuate huyo mtu siku hiyohiyo, umwambie, "Umependeza, umefanyaje?" Mwambie yeye, usiwaambie watu. Na ukishakosa, kiri kabla mwingine hajakusemea. Mungu akupe afya, akulinde mdomo, na akuachie marafiki zako.