Shikamoo Inayosubiri Mnara

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Madaba bado haujaamua kama unaondoka au unabaki, na simu ya Mwalimu Imaculata inapaa. Imo ndani ya kikapu kidogo, inavutwa kwa kamba hadi kileleni mwa mlingoti wa mianzi miwili iliyofungwa kwa waya. Vijana wawili wanaopita na majembe wanasimama wima na kupiga saluti.

"Acheni utani nyie," anasema Leonce Mapunda, macho juu, mikono kwenye kamba. "Mkinichekesha nikatikisa, ujumbe wa mwalimu unakwenda Malawi."

Leonce, baba wa watoto watatu, ni mpandisha simu. Kazi hiyo hakuikuta, aliianzisha mwenyewe. Hapa bondeni mtandao ni wa kuonja tu. Mteja anaandika ujumbe, anabonyeza kutuma, na Leonce anavuta kamba kabla simu haijakata tamaa. Kupiga na kuongea haiwezekani, labda mteja naye apandishwe.

Zamani alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi. Mwaka juzi, 2003, shemeji yake alimwachia simu kwa muda. Leonce akaitundika juu ya mwanzi ili mbuzi wasiitafune. Ikaanza kulia.

"Nilikimbia," anakiri. "Nilijua mwanzi umepandisha mashetani."

Siku hizi anatoza shilingi mia mbili kwa kila ujumbe. Siku njema hufikisha elfu tatu, siku ya upepo mkali hapati kitu. Bei hiyo ina wasemaji wengi kuliko walipaji.

"Nailipa kampuni, namlipa Leonce, kesho mwanzi nao utadai chake," analalamika Daimu, muuza mitumba, huku akisubiri zamu yake kama kawaida.

"Isipokwenda napandisha tena bure," Leonce anamjibu. "Ikienda, mtu wako akakaa kimya, hayo yamalize na mtu wako."

Mwalimu Imaculata, aliyehamia hapa kutoka Bukoba, hana ugomvi na bei. Ana ugomvi na macho ya watu. Kikapu kikishuka, watu wanakizunguka kama sufuria ya pilau. "Mchumba wangu akiandika, jioni kijiji kizima kinaniuliza mahari imefikia wapi," anasema.

Lakini kama ni mlingoti, siku zake zinahesabika. Juu ya kilima kinachotazamana na nyumba ya Leonce, kampuni ya simu imeanza kujenga mnara. Na mchimba msingi mmojawapo, kila siku kuanzia saa nne hadi saa tisa, ni Leonce huyuhuyu.

Mzee Otto, jirani yake, hajaacha kushangaa. "Leonce mwanangu, umeona wapi mtu akachimba kaburi lake halafu akadai posho?"

"Shikamoo, Mzee Otto. Kaburi lenyewe la zege, mzee wangu. Nitalala pazuri."

Wote wanacheka, Leonce akiwa wa kwanza. Ila ukimuuliza kwa utaratibu, anaiachia kamba na kukaa chini.

Mama yake, Bibi Notburga, amehamia Songea mjini, mtaa wa Msamala, kwa binti yake Benigna, ili awe karibu na matibabu ya macho. Kusoma hajui. Ujumbe wa Leonce husomwa na Benigna, na kila ujumbe huanza na "Shikamoo mama". Majibu huja ya kila namna: mahindi ya jirani, dawa ya matone, paka aliyezaa kwenye kapu la nguo. Marahaba haijawahi kuja hata siku moja.

"Nilifikiri Benigna anabana matumizi ya herufi," anasema Leonce.

Pasaka alipanda basi kwenda Songea, safari anayoimudu mara mbili tu kwa mwaka, akamuuliza mama ana kwa ana.

"Hiyo shikamoo ilitoka kinywani mwa Benigna," mama akamwambia. "Benigna nimeshamwitikia asubuhi. Nimwitikie mara ngapi? Wewe niamkie kwa koo lako, utaitikiwa kwa langu."

Leonce anachezea ncha ya kamba. "Siku ile nilisimama mlangoni, akauliza, 'Nani huyo?' Macho yameshanipoteza. Kilichobaki ni masikio, na masikio nayo yanazeeka. Sasa nikae hapa nilinde mia mbili zangu?"

Fausta, mkewe, alipiga mahesabu yake mapema. "Mnara ukiwaka, kila mtu atanunua simu. Umeme hakuna. Simu zikizima watakwenda wapi?" anauliza, kisha anajijibu kwa kuonyesha mlango wake kwa kidole. Ujira wa msingi unawekwa kando, unafukuzia paneli ya jua waliyoiona dukani Majengo, Songea. Bado hautoshi, lakini bati la kuifungia limeshapanguswa.

Bei nayo je, itashuka mnara ukija? Daimu anaapa Wallahi haitashuka. Mwalimu anasema yeye atalipa yoyote, mradi asome ujumbe wake peke yake.

Mafundi wanasema mnara utawaka kabla ya Krismasi. Leonce ameshanunua vocha, iko ndani ya kopo la chumvi, haijakwanguliwa. Simu ya kwanza ni ya mama, na maneno yake yanajulikana. Baada ya hapo, anasema, hata salio likiisha, sawa.

Kabla ya kwenda kuchimba, anapandisha simu yake mwenyewe: "Shikamoo mama. Msingi umefika shingoni."

Kikapu kinakaa juu. Kinalia. Anakishusha, na kwa mazoea ya hapa, anasoma kwa sauti:

"Mama anauliza shingo ya nani, yako au ya mtu mrefu? Anasema chimba."

Leonce anafunga kamba, anachukua sepetu na kushika njia ya kilimani.