Nyasi Bwaloni

Wakati wa kampeni ya kisomo, chuo chetu cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Bukoba, kilitutawanya vijijini tukafundishe watu wazima. Mimi nilipangiwa Izigo. Rafiki yangu, msichana wa Kanazi aliyelala kitanda jirani na changu, alipangiwa kisiwa cha Bumbire. Siku ya kurudi, dhoruba iliupindua mtumbwi wao. Yeye na wenzake kadhaa walikufa maji.

Wajumbe wachache walikwenda kuzika. Sisi wengine tuliambiwa kwenye gwaride la asubuhi kwamba taifa linangoja walimu, tukarudi darasani na kwenye shamba la kahawa. Godoro lake lilipelekwa stoo. Bwenini hakuna aliyemtaja. Kwenye foleni ya uji nilijikuta nikimshikia nafasi, mpaka aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma taratibu.

Mwalimu wetu wa malezi, mama mjane, Mlutheri, alinisimamisha nje ya darasa.

"Mwanangu, unakula?"

"Ninakwenda bwaloni, Mwalimu."

"Sikuuliza unakwenda wapi."

Akanisogeza kando ya mlango, wenzangu wapite.

"Kwenu mtu akifa mnafanya nini?"

"Tunatandika nyasi, watu wanakuja kukaa msibani."

"Na hapa nani ametandika?"

Alikwenda kwa mkuu wa chuo. Sijui walisemezana nini, ila Jumamosi hatukwenda shambani. Tulipanda hadi rweya, ile mbuga ya nyasi juu ya chuo, tukakata, tukasogeza meza za bwalo na kutandika sakafu nzima. Mwanachuo mmoja kutoka Singida aliuliza kama avue viatu. Akavua, nasi tukavua.

"Leo hakuna hotuba," mwalimu alisema. "Mwenye neno aseme. Asiyekuwa nalo akae tu."

Kisha msichana mmoja akasema marehemu wa Kanazi alikuwa anakoroma mpaka madirisha yanatetemeka. Watu wakacheka.

"Hakuwa anakoroma," nikasema. "Alikuwa na pumu. Alikuwa anaona aibu kuwaambia."

Hapo ndipo nililia. Mwalimu hakunibembeleza, alisogea tu, bega lake likagusa langu.

Tangu siku hiyo baraza la nyumba ya mwalimu lilikuwa wazi kila jioni. Tulimenya ndizi, anayetaka anaongea. Nilikwenda mpaka nilipohitimu. Upweke haukuniacha, lakini nilianza kula, na usingizi ukarudi kidogo kidogo.

Kabla ya kuripoti shuleni Muleba nilipitia Kanazi. Mama wa rafiki yangu aliniletea kahawa ya kutafuna, akanionyesha kaburi kati ya migomba. Nilitaka kumsimulia habari za bwalo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na Kihaya changu siku ile hakikutoka. Tukakaa mlangoni, tukitafuna kahawa, hadi basi lilipopiga honi barabarani.