Droo Niliyoikabidhi Bahari

Nakumbuka ilikuwa saa kumi na dakika kumi na nane, alasiri ya Ijumaa, maji yalipojaa pwani ya Mbegani nami nikaipata namba ya mshindi.

Mwanangu, nilikuwa kijana niliyejifundisha kompyuta peke yangu, na nilijiona. Duka moja la Dunda lilinipa kazi ya kuchezesha droo mtandaoni kwa wateja wake mia mbili na kumi na wawili. Zawadi ilikuwa friza. Nikatafuta bahati isiyohongeka. Nani ataihonga bahari? Nikatangaza kwenye kundi la wateja: saa ya maji kujaa tutaiandika kama tarakimu tupu, tutaigawa kwa idadi ya watu, na masalio ndiyo namba ya mshindi. 1018 kwa 212, yakabaki 170.

Namba 170 alikuwa Hamisi, mume wa dada yangu.

Wallahi sikuipanga. Lakini Bi Mwanaidi, muuza dagaa, alituma sauti yake kundini: "Hongera Hamisi! Friza imerudi kwa wenyewe." Watu wakacheka. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Nikaenda kwake nimefura.

"Shikamoo, bibi. Umeniita mwizi mbele za watu."

"Marahaba. Kaa kwanza. Mwizi nimemtaja saa ngapi?" Alikuwa akigeuza dagaa kwenye karai. "Haya, niulize Ijumaa ijayo asubuhi maji yanajaa lini."

Nikamwuliza. "Saa nne kasoro," akanijibu bila kuinua macho.

"Bahari haihongwi, kweli," akasema. "Lakini inajulikana. Orodha umeipanga wewe, siku umeichagua wewe. Sijasema umeiba, mwanangu. Nasema ungeweza kuiba, na sisi tusingejua."

Nikayafuta matokeo. Dada, ambaye tayari alishaipangia friza ile nafasi, hakunisemesha mpaka Idi.

Safari ya pili nilitangaza kwanza kanuni mpya, nikaituma orodha nzima, kila mtu na namba yake, nikaifunga. Kisha watu watatu wasioelewana vizuri, Bi Mwanaidi mmoja wao, kila mmoja akaandika namba aitakayo na kuifunga katika bahasha. Picha za bahasha zikaenda kundini. Kesho yake tukazifungua mbele ya kamera, watu wote wakitazama: 4071, 388, 9215. Jumla 13674. Ukigawa kwa 212, yanabaki 106. Hata wawili wangekula njama, namba ya yule wa tatu wasiyoijua ingewavurugia.

Namba 106 alikuwa mwalimu wa Miono ambaye hatujawahi kumwona. Akaandika: "Nimegawanya mwenyewe, mara tatu." Bi Mwanaidi akaongeza: "Hapo sawa."

Leo naitwa kuchezesha droo kutoka hapa mpaka Dar. Mwaka jana alishinda binamu yangu wa damu, na kundi zima likampongeza bila kejeli. Hilo, mwanangu, najivunia kuliko cheti chochote ambacho sikukipata.

Basi shika haya. Kanuni itangulie, orodha ifungwe, ndipo bahati ije, tena itoke mahali ambapo hata wewe huwezi kuchungulia. Usiwaambie watu wakuamini. Wape hesabu waifanye wenyewe. Anayekukagua si adui yako. Mola akujaalie kazi safi, na akupe majirani wenye ujasiri wa kukuuliza.