Kuku Nyuma ya Ukuta wa Mama

Nilipokuwa mtoto wa kuachiwa vitoto vya mbuzi lakini si mbuzi wenyewe, nilikuwa na kuku mmoja. Baba alimpata Isiolo siku ya soko, akanibebea hadi Ngaremara amefungwa miguu. Alikuwa wa shingo tupu, ile shingo nyekundu isiyo na nyoya hata moja, na watu walicheka wakisema baba ameniletea tai. Waliocheka walicheka. Mimi nilimwita Shingo, na nilimpenda.

Shingo alitaga mayai kumi na moja kwenye karai kuukuu chini ya kitanda cha mama, akayalalia. Aliyefuga kuku anajua vile kuku hubadilika akishaamua kulalia. Manyoya yanamsimama, macho yanaenda mbali, ukimsogelea ananguruma kama paka. Anatoka mara moja kwa siku, anadonoa haraka, anaoga vumbi, anarudi mayai hayajapoa. Mama naye alikuwa mzito, mwezi wake umekaribia. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda na kumsemesha.

"Haya Shingo, ni sisi wawili. Tuone nani atatangulia."

Alisema hivyo akicheka, lakini mimi nilijua mama anaogopa. Kabla yangu alizika watoto wawili, na baada yangu mmoja. Mimi peke yangu ndiye nilikaa. Nyumba yote ilikuwa inamngoja huyo wa tumboni kama watu wanavyongoja mvua, bila kuitaja sana.

Wiki ya pili akaja Ata. Sisi Waturkana nyanya tunamwita Ata, na huyu alikuwa mama wa mama yangu, mkunga ambaye wanawake walitumana kumwita hata kutoka Kipsing. Alikuja kumshika tumbo binti yake mpaka siku ifike. Aliinama kusukuma mzigo wake chini ya kitanda, Shingo akamdonoa mkono.

Ata akanyooka polepole. "Huyu ameingia hapa lini?"

"Ni wa Nakiru," mama akasema. Nakiru ni mimi. "Mwache tu, Mama. Amebakisha siku chache."

"Wawili wanaongoja hawakai chini ya paa moja. Mmoja hula bahati ya mwenzake." Akanigeukia. "Nakiru, mtoe leo. Mpeleke nyumba ya watu wengine, ama umchovye maji, umfunge mguu hapo nje siku tatu. Atasahau mayai."

Nilikimbia kwa jirani yetu, Mama Halima, Mborana mwenye maneno mengi na moyo mkubwa. Nikamsalimia, "Salaam aleikum," nikamwomba anitunzie kuku wangu.

"Aleikum salaam. Kuku?" Akashika kiuno. "Sisi ni watu wa ng'ombe na ngamia, mtoto wangu. Huyo ndege wako atalala wapi, kwa kitanda na mimi? Na hawa watoto wangu watakuwa wamekula hayo mayai kabla ya Ijumaa. Rudi naye."

Nikarudi. Na hapo ndipo nilipofanya lile jambo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kizizi cha vitoto vya mbuzi, kimeegemea ukuta wa udongo wa chumba cha mama. Hakuna aliyeingia humo ila mimi. Jioni, wakati kuku hapigani sana, nilimfunika Shingo kwa kitambaa, nikabeba karai na mayai yake, nikamweka pembeni kabisa, nikamzungushia miti. Ata aliponiuliza, nikamjibu, "Nimempeleka kwa Mama Halima."

Nilijiambia kizizi si nyumba. Lakini juu ya kizizi baba alikuwa ameendeleza bati lilelile la chumba cha mama ili vitoto visinyeshewe. Bati moja, limepita juu ya ukuta. Nililiona. Nililiona vizuri sana, nikaamua sikuliona.

Siku nilizihesabu kwa mafundo ya kamba, kama mama alivyonifundisha. Siku ya kumi na tisa, mchana, nilitia maji ya uvuguvugu kwenye beseni, nikayaweka mayai moja moja yaelee. Yai lenye kifaranga hai hucheza juu ya maji, linatikisika lenyewe kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini. Kumi yalicheza. Moja lilitulia kimya. Nililiangalia mpaka maji yakaanza kupoa, nikalipangusa, nikalirudisha pamoja na mengine. Sikutaka kulitupa.

Jioni hiyo nilimkuta Ata amepiga magoti mbele ya mama, mikono yote miwili tumboni kwake. Hakuwa anasugua. Alikuwa amegandisha mikono tu, uso ameuelekeza ukutani. Ilichukua muda mrefu.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Amelala," Ata akasema. "Wacha alale."

Siku ya pili yake, jua likiwa limeshatoka, mama alijifungua. Mimi nilikuwa mlangoni na shangazi, dada ya baba, aliyekuja kusaidia. Nilisikia mama akilia kwa uchungu wa mwisho, kisha nikamsikia Ata akimsemesha mtoto, akimpiga makofi madogo mgongoni, akimpulizia. Tukangoja. Ndani ya ule ukimya, kutoka ukutani, ikatoka sauti.

Tii, tii, tii.

Vifaranga. Vilikuwa vinaanguliwa, na vilikuwa vinaita.

Sijui kama nitaweza kueleza. Ndani mtoto hakulia, na nje ya ukuta vifaranga vililia badala yake, vingi, wazi, kana kwamba vinafurahi. Mama alivisikia. Alifumba macho. Shangazi akatoka mbio, akazunguka nyuma, akarudi uso umebadilika.

"Nani ameweka kuku huko? Chini ya hili bati! Nani?"

Nilifungua mdomo. Ata alikuwa amemshika mtoto, amemfunga tayari kwa shuka, mvulana mwenye nywele nyingi. Aliniangalia mimi kwanza. Kisha akamwangalia shangazi.

"Ni mimi," akasema. "Nilimhamisha hapo, nikasahau habari ya bati. Nimezeeka."

"Wewe? Wewe unayetukataza sisi?"

"Mimi."

Shangazi alisema mengi siku hiyo na siku zilizofuata, na maneno kama hayo yana miguu. Yalifika hata Kipsing kabla ya Ata kufika kwake. Wanawake wakaanza kuita mkunga mwingine. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kutuma mtu. Nilimwona Ata akikaa nje ya nyumba yake mikono mapajani, ile mikono iliyopokea nusu ya watu wa kule, haina kazi. Nami sikusema. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, na kila mwaka ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Vile vifaranga kumi nilivilea vyote. Hata kimoja hakikuchukuliwa na mwewe, na hilo nalo liliniumiza, maana nilitamani hata kimoja kichukuliwe.

Nilikuja kumwambia nilipokuwa nimebeba mimba yangu ya kwanza. Ata hakuwa anaona tena. Nilikaa miguuni pake, nikalia, nikasema yote, Mama Halima, kizizi, bati.

"Najua," akasema.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Kabla. Nilikuona na beseni, ukielesha mayai. Nilikuja nyuma yako na fimbo, Nakiru. Nikasema kwanza nimshike mama yako, nione hali, kisha nirudi kukuchapa na kumtoa huyo kuku. Nikamshika. Unakumbuka lile yai moja?"

Nilikumbuka.

"Mtoto alikuwa hivyo. Ametulia. Na siku iliyopita mama yako alikuwa ameniambia hachezi, nikamdanganya. Kwa hivyo sikurudi na fimbo. Niliona hakuna tena cha kukinga, acha basi vifaranga vyako viishi."

"Na ule mwiko wa paa moja?"

"Mwiko ni wa kushika wakati mikono haina kingine cha kushika," akasema Ata. "Leta tumbo hapa."

Nimezeeka sasa kumpita yeye alivyokuwa siku ile. Nimewahi kujiuliza kama alinieleza kweli ama alinihurumia mara ya pili. Halafu nakumbuka ile mikono iliyoganda, na uso ulioelekea ukutani, nami najua alisema kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo kweli hiyo haikuliondoa. Mtoto mdogo alisema uongo kwa ajili ya kuku, na mtu mzima akaulipia kwa jina lake lote, bila kudai hata asante.

Siku hizi nakaa Wabera, mjini Isiolo, kwa mjukuu wangu Akiru. Nina kuku wanane uani, na mwezi huu mmoja amelalia mayai chini ya kitanda. Akiru naye ni mzito. Anaenda kliniki, ana kadi yake, daktari anamsikiliza mtoto kwa mashine. Juzi jioni nilimfunika kuku kwa leso, nikambeba na karai lake hadi kwa jirani.

"Ata, kuku amekosa nini?" Akiru akaniuliza akicheka.

"Hajakosa. Anataka mahali pa kimya."

Sikumwambia zaidi, wala sitamwambia. Kuhamisha nimehamisha, maana mkono wangu ulikataa kuacha. Lakini lile neno la paa moja nimelimeza. Likiishia kwangu, hakutakuwa na mtoto mwingine wa kulibeba, wala mzee wa kulilipia.

Jana Akiru alikuja kukaa karibu nami baada ya chai. Nikamwambia, leta tumbo hapa. Nikaweka mikono yote miwili, nikangoja.

Anacheza.